Niliowaua ndio waliokuwa wananilindia kunde

Hivi karibuni msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, kunde zangu zimejaa vidukari weusi, na kuna vidudu vingine vya ajabu vinatambaa humo humo. Nipulize dawa gani?" Akatuma na picha. Nilipoikuza nikaguna peke yangu. Vile vya ajabu nilishavifanyia unyama.

Ilikuwa masika ya mwaka juzi, hapa Kigamboni. Nilikuwa na matuta mawili ya kunde nyuma ya jiko, na maringo yangu: wenzangu wananunua mboga gengeni, mimi nachuma. Ghafla machipukizi yakajikunja, yakawa yananata. Nikapindua jani. Vidukari wamejaa, na katikati yao vijidudu vya kijivu cheusi, miguu sita, madoa ya njano mgongoni, kama mamba wa urefu wa punje ya mchele. Nikasema hawa ndio wakubwa wao. Nikawaokota mmoja mmoja, nikawasaga kwa kandambili, asubuhi mbili mfululizo. Waliobaki nikawamalizia kwa dawa. Muuzaji wa pembejeo hakuniuliza swali, nami sikumuuliza.

Siku tatu bustani ikawa safi, nikapiga na picha za kujionyesha. Baada ya wiki mbili vidukari wamerudi, safari hii mpaka kwenye maganda. Nikang'oa zote. Jirani akapita: "Mama Bustani, leo tutaonana gengeni?" Tunasalimiana vizuri, lakini lile neno sijalimeza.

Wale mamba, ndugu zangu, ni watoto wa yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi, mgongo kama nusu ya punje ya kunde. Mkubwa hatumuui kwa sababu ni mzuri. Mtoto wake ana sura mbaya, basi tunamponda, wakati yeye peke yake hula mamia ya vidukari kabla hajageuka. Kidukari jike naye huzaa bila dume, na mwanawe huanza kuzaa baada ya kama wiki moja. Ukipuliza dawa unawaua wote, ila mwizi anarudi mapema kuliko mlinzi.

Kwa hiyo usipulize. Pindua jani kwanza. Ukiona vimayai vya njano vimesimama wima vimebanana, viache. Vidukari wakizidi, warushie maji kwa nguvu waanguke. Sisimizi wazuie, maana wanawachunga vidukari kama ng'ombe ili wanywe utamu wao, na mlinzi wakimwona wanamfukuza. Giligilani moja mbili ziache zitoe maua: kuna inzi wanaofanana na nyuki watakuja, na mabuu yao hula vidukari vilevile. Na usipulize, narudia.

Sisi tumelelewa kuua kwanza. Hata vunjajungu tumemsingizia kwamba ukimgusa utavunja chombo! Vyungu tunavunja wenyewe kwa haraka zetu, lawama tunambebesha mdudu anayeshinda kwenye mchicha wetu akiwinda. (Sawa, nyuki akimkatiza naye anamla. Si malaika.)

Kwenye ile picha nilihesabu mabuu tisa. Nikamwambia msomaji wangu aweke bomba stoo asubiri siku kumi. Akanuna kidogo, nilihisi kwenye majibu yake. Jana katuma picha nyingine: ganda tupu limegandia kwenye jani, na pembeni yake mdudu wa njano mpauko, laini, madoa bado hayajatokea.