Ubaguzi Kanada: jibu kwa mnaouliza kutoka Nairobi

Swali linalorudi kila mara kutoka Umoja, Kasarani na Eastleigh ni hili: ni kweli Kanada mwajiri au landilodi akikunyima kitu kwa sababu ya rangi, dini au ulikotoka, unamshtaki na unalipwa? Ni kweli. Lakini kesi hizo husimama kwa maandishi, na hilo mawakala wa viza pale mjini hawawaambii. Bila maandishi utabaki na hasira yako tu.

Kila mkoa una sheria yake, kwa hiyo nitasema ya Ontario, maana wengi wenu ndiko mnakoelekea. Sheria ya Haki za Binadamu ya huko ni ya mwaka 1962. Inagusa kazi, nyumba, mikataba, vyama vya wafanyakazi na huduma: duka, hospitali, shule, basi. Si lazima uwe raia ndipo ikulinde. Sababu zinazokatazwa zimeorodheshwa, kati ya hizo rangi, kabila, asili, uraia, dini, jinsia, umri, ulemavu, hali ya ndoa na kuwa na watoto. Kisichokuwa kwenye orodha hakimo. Bosi asiyeiva nawe, au anayempa shemeji yake zamu nzuri, anakuonea, lakini huo si ubaguzi unaokatazwa na sheria. Hapo ndipo malalamiko mengi hufia: mtu anaandika kurasa 10 za mateso, na hakuna hata mstari mmoja unaoyaunganisha na rangi yake au mimba yake.

Kwenye nyumba, Nairobi mmezoea keateka kuwauliza getini, "Wewe ni mtu wa wapi? Una watoto wangapi?" Toronto ni nadra kusikia hivyo. Huko utajibiwa kwa sauti tamu kwamba nyumba ilichukuliwa jana, na wiki inayofuata tangazo bado liko mtandaoni. Piga picha ya skrini ya tangazo siku unayouliza, upige nyingine baada ya kukataliwa, tarehe zikionekana. Uliza kwa ujumbe wa maandishi, usiishie kwenye simu. Rafiki mwenye jina la Kizungu akiulizia nyumba ileile akaambiwa aje kuiona, hifadhi na ujumbe wake.

Kuhusu pesa, landilodi hawezi kudai dipoziti inayozidi kodi ya mwezi mmoja, nayo ni ya kulipia mwezi wako wa mwisho, si ya kupaka rangi ukuta ukihama. Kwa hiyo kuingia ni kodi ya miezi 2. Wageni huambiwa watoe ya miezi 6 au mwaka mzima kwa sababu hawana rekodi ya mikopo huko Kanada. Kudai hivyo ni kuvunja sheria ya upangaji. Kukukataa kwa hesabu kwamba kodi inapita asilimia 30 ya kipato chako pia hakuruhusiwi, isipokuwa kwenye nyumba za ruzuku. Ila kuna mtego unaowanasa wanaofika juzi: ukipanga chumba ambacho unatumia jiko au bafu pamoja na mwenye nyumba au familia yake, ulinzi huu dhidi ya ubaguzi wa nyumba haukuhusu. Besimenti yenye jiko na bafu lake inalindwa.

Kazini, kikwazo cha zamani ni "uzoefu wa Kanada", yaani kutakiwa uwe umewahi kufanya kazi huko. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilitoa msimamo mwaka 2013 kwamba sharti hilo, kwa mtazamo wa kwanza, ni ubaguzi, na tangu tarehe 1 Januari 2026 mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi haruhusiwi kuliweka kwenye tangazo la kazi. Msifurahi sana. Sasa utaambiwa "hukuendana na timu yetu," na hayo ni magumu kuyakamata. Kwenye usaili anaweza kukuuliza kama una kibali cha kufanya kazi; ulizaliwa wapi au unasali wapi, hapana.

Yakitokea, andika siku ileile, kwa mtindo huu: "Jumanne, 14 Januari, saa nane na robo mchana, ghala namba 3. Msimamizi alisema, 'Nyinyi Waafrika ni wavivu.' Walikuwepo wawili wa zamu yangu. Saa tisa nikamwandikia meneja barua pepe." Nakala ya barua hiyo iwe kwenye akaunti yako mwenyewe, kwa sababu ukifutwa kazi, ile ya kampuni hufungwa papo hapo.

Malalamiko hupelekwa HRTO, baraza la Ontario linaloamua kesi za haki za binadamu, kwa fomu namba 1, bila ada, ndani ya mwaka 1 tangu tukio la mwisho. Upande wa pili hupewa siku 35 kujibu, kisha huja usuluhishi, na mengi huishia hapo. Yasipoisha, kusubiri kunaweza kuchukua miaka. Ukishindwa hulipi wakili wa mwenzako, na ukishinda halipi wako. Kuna kituo cha msaada wa kisheria wa haki za binadamu kinachogharamiwa na serikali na kinachosaidia bure; waoneni mapema. Anayefanya kazi benki, shirika la ndege, kampuni ya simu au lori linalovuka mikoa asiende HRTO, hao wako chini ya tume ya haki za binadamu ya shirikisho, yaani ya Kanada nzima. Madereva hupotelea hapa: mtu hupeleka kesi pasipo pake, na akishtuka mwaka umekwisha.

Na tuwe wakweli, kwa karatasi sheria yetu si mbaya. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, humtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Ontario mzigo wa kwanza ni wako.

La mwisho ni la siku ya kufutwa kazi. Utapewa barua na hundi, na kwenye barua kutakuwa na aya inayosema huna dai lolote tena, pamoja na la haki za binadamu. Usitie sahihi mezani pale. Omba siku kadhaa, piga picha kila ukurasa, umpelekee mtu wa sheria kwanza. Ukishasaini na kupokea hundi, HRTO kwa kawaida huitupa kesi.