Kile kisanduku cha DNS, jamani

Juzi nimemkuta kijana wa tatu mwezi huu anawaonyesha wenzake ukurasa wa check.torproject.org, ule wa kupimia kama unapita Tor (mtandao wa kuficha ulikotoka), kifua mbele, eti sasa haonekani. Nikamwuliza, DNS yako, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani, inapita wapi? Akanikodolea macho. Basi naandika, maana koo limenikauka.

1. Tor inaongea SOCKS, lugha moja ya proksi (mjumbe anayebeba maombi yako), si HTTP. Ukifungua mipangilio ya proksi ya Firefox ukajaza 127.0.0.1 (kompyuta yako mwenyewe) na 9050 kwenye kisanduku cha juu, cha proksi ya HTTP, Tor yenyewe itakujibu kwamba umekosea. Lisome hilo jibu kabla ya kunigongea mlango.

2. Poti (mlango wa programu) 9050 ni ya tor inayokimbia peke yake chinichini. 9150 ni ya Tor Browser, ukiifunga nayo imekwenda.

3. DNS. Hapa nina kovu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliseti Firefox kwa mkono: SOCKS v5, 9050, ukurasa wa kupimia ukanipongeza. Wiki sita nikatembea na hiyo pongezi. Nikawasetia na wenzangu wawili, na mmoja wao alikuwa na sababu ya kweli ya kujificha. Hilo linaniuma mpaka leo. Siku moja mkubwa wangu akavuta kiti, akawasha tcpdump, programu ya kuchungulia mtandao, kwenye poti 53 ya DNS, akasema, “Haya, fungua unachotaka.” Nikafungua. Jina la tovuti likachomoza kwenye skrini yake, herufi kwa herufi, ukurasa wangu bado unasuasua. Nikajaribu nyingine. Hiyo nayo hiyo. Kurasa zilikuwa zinapita Tor kweli, ndiyo maana nilipongezwa, ila kila mara Firefox ilitangulia kuiuliza seva ya DNS ya ofisi, huyu anakaa wapi? Nimejifunika uso gubigubi, halafu namwuliza mlinzi njia kwa kumtajia ninakokwenda! Kisha akanifungulia kumbukumbu za ile seva: wiki sita zote, pamoja na tovuti nilizokuwa natafutia kazi kwingine. Hakusema kitu, akarudisha kiti chake. Heri angenifokea.

Dawa ilikuwa tiki moja, ile ya kupitisha DNS kwenye SOCKS v5. Kwenye about:config, mipangilio ya ndani ya Firefox, ilikuwa network.proxy.socks_remote_dns, iwe true; tangu Firefox 128 ya 2024 ya SOCKS v5 ni network.proxy.socks5_remote_dns, nayo huja ikiwa true tayari, ila ihakikishe.

4. WebRTC, ya simu na video ndani ya kivinjari, nayo inaweza kuvujisha IP, yaani anwani yako halisi ya mtandao. Humo humo about:config: media.peerconnection.enabled, false.

5. Ukiingia kwenye barua pepe yenye jina lako, umejitaja mwenyewe. Tor ina vituo vitatu njiani. Hata vingekuwa thelathini.

6. Haya yote ni ya kujifunzia. Firefox uliyoiseti mwenyewe ina fonti zake na ukubwa wake wa dirisha, inajulikana kwa mwendo tu. Tor Browser imetengenezwa ili wote tufanane, kwa hiyo mwenye jambo la kuficha atumie hiyo, na asiipambe kwa viendelezi, zile programu ndogo za kuongezea.

Yule kijana amerudi jana, DNS imenyooka, anacheka mwenyewe. Nikamwambia hongera, hebu nione. Tor Browser, viendelezi kumi na kimoja.