Ukiuguza kijana, muulize naye anaomba nini

Nyumba yenye mtoto wa siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi, haikosi mtu wa kuleta dua. Wengine hufika nayo mlangoni kabla hata hawajamjulia hali mgonjwa. Binti yangu ana miaka 16 sasa, na tangu utotoni ameombewa na masheikh, na majirani walokole, na bibi yake kwa kombe la zafarani, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Sina ugomvi na dua, ndiyo iliyonifikisha hapa. Ila mtoto akishakuwa kijana, naye ana imani yake na maswali yake, na watu wazima wengi tunamwombea kama vile hayupo chumbani.

Kwanza tumalize la dawa. Ugonjwa huu huja na kuondoka. Kijana atakaa miezi akicheka na wenzake, halafu usiku mmoja miguu na mgongo vinawaka moto. Sasa, yeyote aliyemsomea wiki ile maumivu yalipotulia ndiye anayechukua sifa, na maneno yanaanza: "Si mnaona kapona? Vidonge vya nini tena?" Vidonge vya foliki na haidroksiyurea, dawa zake za hospitali, haviachwi kwa sababu ya nafuu, huenda nafuu yenyewe imetokana navyo. Wanaokumbuka kikombe cha dawa ya Babu wa Loliondo, kijijini Samunge, mwaka 2011, watu walipokimbilia kutafuta uponyaji, wanakumbuka pia wapo walioacha dawa za hospitali wakidhani yamekwisha.

Kusomewa ni kheri, na maji ya kombe hayajamdhuru binti yangu. Mimi huuliza jambo moja tu: mwili wake utafanywa nini? Kuogeshwa maji ya baridi alfajiri, hapana, baridi huamsha maumivu. Kufukizwa ndani ya blanketi mpaka jasho limtiririke, hapana, akipungukiwa maji, seli zake nyekundu za damu, ambazo kwa ugonjwa huu hujikunja kama mundu, hukwama kwenye mishipa midogo. Chale ndiyo kabisa, kwa sababu bandama, inayosaidia mwili kupambana na vijidudu, ya wengi wao imeshachoka na kidonda kidogo kinaweza kuleta balaa. Na akipata homa, au kifua kumbana, au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, msisubiri kisomo kiishe. Yasini inasomeka hata ndani ya bajaji.

Halafu kuna wanaotafuta mchawi. Kwetu walianza na ukoo wa mama, kama kawaida. Mtoto hawi na siko seli ya namna ya binti yangu mpaka arithi kinasaba kutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili, ambao mara nyingi ni wazima kabisa na hawajui kama wamekibeba. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mgonjwa. Mweleze kijana haya mapema, kabla shangazi hajamweleza habari za jini la ukoo. Binti yangu alipojua kwamba mwenye kinasaba kimoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na kwamba ndiyo sababu kimeenea sana huku kwetu kwenye mbu, alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe wazee walipona malaria, bili nikaletewa mimi." Akacheka. Tulicheka wote.

Lililotusumbua zaidi ni Ramadhani. Wenzake wote walishaanza kufunga, na daktari anasisitiza maji, maji, maji. Mchana mmoja nikamkuta jikoni amejibanza nyuma ya mlango wa friji, anagugumia maji haraka haraka, mgongo ameupa sebule ili mdogo wake aliyefunga asimwone. Alikuwa anaona aibu kana kwamba anaiba. Nikamwomba sheikh wa msikiti wetu aje azungumze naye yeye, si mimi. Akamwonyesha kwamba zile zile aya za Sura ya Al-Baqara zinazoamrisha saumu ndizo zinazomwondolea mgonjwa, na kwamba asiyetarajia kupona humlisha maskini kwa kila siku.

Binti akauliza, "Kwa hiyo ninakuwa nimetimiza, au nimesamehewa tu?"

Sheikh akamjibu, "Umetimiza, mwanangu. Lako ndilo hilo."

Tangu hapo sahani ya fidia huipeleka mwenyewe kwa bibi mmoja mtaa wa pili, muhogo wa nazi au tambi, na siku anazihesabu kwenye daftari lake. Jagi la maji linakaa mezani wazi. Mama mmoja Mlutheri tuliyejuana wodini naye kijana wake hawezi mikesha, lakini ndiye anayechagua nyimbo za kwaya ya vijana, kwa simu, hata akiwa amelazwa. Mtafutieni mtoto ibada anayoiweza. Kuombewa peke yake kunachosha.

Swali gumu nalo litakuja. Kwetu lilikuja usiku, katikati ya maumivu: "Mama, Mungu nimemkosea nini?" Ukimjibu "usikufuru" umemfunga mdomo, na keshokutwa hatakuambia kitu. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, akasema sikitiko lake anamshitakia Mwenyezi Mungu, na hakuna anayesema imani yake ilipungua. Nilimwambia sijui, mwanangu, nikaendelea kumkanda kwa kitambaa cha moto. Lakini kijana akianza kukataa chakula na dawa, au akisema bora asingekuwepo, hilo msiliachie dua peke yake. Waambieni kliniki siku hiyo hiyo, na mwombe mshauri nasaha.

Wodini kuna vikundi vinavyopita kuombea wagonjwa, hasa mwisho wa wiki, na wengi wana moyo safi. Siku moja walizunguka kitanda chetu kwa sauti kubwa, na mtoto akajivuta khanga mpaka kichwani. Nikawashukuru, nikawaomba wamwombee huko huko mlangoni. Siku hizi namuuliza kwanza, na kuna siku yeye ndiye anayetaka waje, kwa sababu wanaimba vizuri.

Msiwasahau ndugu zake. Kila mgeni akiondoka humwambia mdogo wake, "Umwombee dada." Mtoto wa miaka 11 alilibeba neno hilo kama zamu ya ulinzi, akawa anaamini dada akizidiwa ni kwa sababu yeye alilala bila kuomba. Baba yake alimkalisha chini akamwambia waziwazi kwamba maumivu ya dada hayasababishwi na usingizi wa mtu yeyote, na kwamba akisinzia, alale.