Aluminiamu yenye unga wa silikoni kabaidi: ibane kwanza, ndipo uipashe

Mkuu uliyeuliza kwa nini aluminiamu ya pistoni uliyochanganya na unga wa silikoni kabaidi (ule unga mgumu wa kusagia) haikubali kuwa uji, yaani nusu ngumu nusu kimiminika, ili uibane kwenye kalibu, bali inabaki ngumu halafu ghafla inamwagika yote: mimi niko Mtwara, natengeneza mashine za kubangulia korosho, na nilikwama hapo hapo kwa miezi.

Kwanza achana na pistoni. Nyingi zina silikoni karibu 12 kwa mia, na kiasi hicho huyeyuka karibu chote kwa mpigo kwenye nyuzi 577 hivi za Selsiasi, kwa hiyo hupati nafasi ya uji. Tafuta rimu za spoti zilizovunjika. Zina silikoni kama 7 kwa mia, kwa hiyo haziishi kuyeyuka mpaka karibu na 615, na kati ya 577 na hapo ndipo uji unapopatikana.

La pili ndilo lililonifanya niandike: uliibana kabla ya kuipasha? Nilikata vipande viwili vya mmimino mmoja. Kimoja nikakiacha, cha pili nikakibana kwa jeki ya haidroliki kikiwa vuguvugu mpaka kikapungua robo ya urefu. Vyote nikavipasha 585 kwa dakika 10, nikavipoza ghafla, nikavisugua mpaka viking'aa, nikavipaka kostiki soda ili punje za metali zionekane, na kuvitazama kwa hadubini.

Kile kisichobanwa kilikuwa bado matawi matawi, kama matumbawe ya Mikindani, unga umerundikana mafungu katikati yake. Kilichobanwa kilikuwa mbaazi kwenye mchuzi! Punje duara, na unga umetawanyika ndani ya ule mchuzi. Sikulala usiku ule kwa furaha.

Mbano huacha mkazo ndani ya metali, hasa kando ya chembe za unga, maana zenyewe hazipindi. Joto likija, mkazo huo unazaa punje mpya ndogo ndogo. Kimiminika kinapenya mipakani mwake, kinazitenganisha, na pembe zake zinalika mpaka zinakuwa duara. Mafungu ya unga nayo yanavunjwa na mbano huo huo.

Usizidishe muda. Nilipoacha dakika 40, punje kubwa zilikuwa zimezimeza ndogo, ingawa unga huzichelewesha.

Kipande kilichoiva husimama chenyewe, lakini kisu kinakipita kama siagi. Hapo kitie kwenye kalibu iliyopashwa na ukibane kwa haraka. Ukibana polepole, mchuzi hutangulia mbele na kuziacha mbaazi nyuma.