Paundi 50 ni nyingi mno kwa rili hiyo

Ndugu, umeuliza kama mshipi wa kusuka (uzi wa kuvulia uliosukwa kwa nyuzi nyembamba) wa paundi 50, yaani unaohimili mvuto wa paundi 50 kabla ya kukatika, utafaa rili yako (kifaa cha kuzungushia mshipi kwenye fimbo) ya saizi 3000, ukitoka Nairobi kwenda kuvua Naivasha wikendi. Usiuweke. Ni mnene, zitaingia mita chache tu kwenye rili, na hautaruka mbali unaporusha chambo. Chukua wa paundi 15. Ukipenda kuvua karibu kabisa na mafunjo, 20, maana pale samaki akijichimbia kwenye mashina lazima umvute kwa nguvu.

Kabla ya kuujaza, zungusha kwanza mshipi wa nailoni kidogo kwenye kikombe cha rili, pale mshipi unapojazwa. Mshipi wa kusuka ukiwa peke yake huteleza na kuzunguka wote, nawe utadhani breki ya rili, ile inayozuia mshipi usitoke ovyo samaki akivuta, imeharibika. Mimi nilipoteza kambare mzuri kwenye bwawa la Masinga kwa kosa hilo hilo, na bado linaniuma. Ujaze ukiwa umeukaza kwa kitambaa chenye maji.

Mbele, upande wa ndoana, funga nailoni ya mita moja hivi, kwa sababu mshipi wa kusuka hukatika upesi ukisugua mawe. Breki ikaze kiasi kwamba iachie mshipi unapovutwa kwa robo ya paundi zake.