Papa alirudishwa nyumbani: usiku 11 wa kumlinda

Ndugu, pole sana. Nimesoma mara mbili swali lako la jinsi ya kumtunza kambo wenu (babu yenu) nyumbani. Kambo wenu ana miaka 87, madaktari wamesema hawana tena la kufanya, mmemrudisha nyumbani Katuba na uani kumejaa watu. Shangazi yako anataka serumu (dripu) iendelee, mjomba anataka arudi hospitali, na kaka yenu wa Kolwezi anauliza kama aje sasa au angoje mshahara. Mimi si daktari. Ninachoweza kukupa ni yaliyotukuta sisi na papa, baba yetu, mwezi wa sita mwaka juzi, hapa hapa Lubumbashi, upande wa Ruashi.

Papa alikuwa mtu wa fonderi, kiwanda cha kuyeyusha madini. Aliingia kazini enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, akaendelea ilipogeuka Gécamines, akatoka mwaka 2003 pamoja na wale walioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari ya mtu aliyengoja mshahara miezi na miezi, tuiache hapo. Kansa ya ini ndiyo iliyomshika. Siku ya kumtoa hospitali tulikaa tangu asubuhi hadi jioni tukisubiri karatasi ya malipo, naye amelala kwenye kiti cha magurudumu koridoni. Hilo nalo tuliache, maana swali lako ni la nyumbani.

Nianze na zamu, kwa sababu hapo ndipo tulipoaibika. Usiku wa kwanza tulikesha sote, watu 14, kila mmoja akitaka aonekane anampenda papa. Usiku wa pili tukakesha nusu. Wa tatu tukalala wote, kila mtu akidhani mwenzake yuko macho. Saa kumi na moja alfajiri mama ndiye aliyemkuta amelowa mpaka shingoni, anatetemeka, na unajua baridi ya hapa mwezi wa sita. Asubuhi hiyo dada yangu, ambaye ni mwalimu, alichukua daftari la shule akapiga mistari: saa mbili usiku mpaka saa sita, saa sita mpaka saa kumi, saa kumi mpaka kuche. Watu wawili kila zamu, mmoja anayejua kumgeuza mgonjwa na mwingine wa kutumwa. Wengine wote kulala. Kulala kwa amri! Na kila alichofanyiwa kikaandikwa: amegeuzwa upande gani, dawa saa ngapi, amekojoa au la. Kumgeuza ni kila baada ya saa mbili au tatu, la sivyo mgongo na visigino vinaanza kuoza, na vidonda vile ni mateso juu ya mateso.

Likaja suala la kumwosha. Kwetu mtoto haoni uchi wa baba yake, na mkwe ndiyo kabisa. Mama peke yake hakuweza kumwinua. Nilikuwa tayari kuvunja mwiko, lakini baba mdogo akakumbusha kwamba mjukuu hana mwiko huo, kwa sababu mjukuu na kambo ni watani. Basi mtoto wa dada, kijana wa miaka 19 ambaye siku zote tulimwona mvivu, akawa ndiye mwoshaji. Alikuwa akimtania huku anamsugua miguu: "Kambo, ukinuka hivi, bibi yetu atanichagua mimi." Papa, ambaye siku hiyo alikuwa hajasema neno, alitoa kicheko kidogo cha puani. Mama, ambaye ndiye huyo bibi, alijifanya hakusikia.

Jambo la baridi nalitilia mkazo kwa sababu lilikaribia kutuua. Tuliingiza mbabula (jiko la makala, yaani makaa) chumbani, tukafunga mlango na dirisha joto lisitoke. Baada ya saa moja kichwa kinaniuma, dada anatapika. Jirani yetu ambaye ni muuguzi alikuja akaitoa nje kwa mateke, na kututukana pia. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu ambayo huisikii kwa pua wala huioni kwa macho. Tangu siku hiyo mbabula ilikaa uani, tukachemshia maji, tukayatia kwenye chupa na kuzizungushia vikwembe (vitenge) viwili ili zisimuunguze, tukaziweka karibu na miguu yake.

Sasa hiyo serumu ya shangazi yako. Kwetu pia alikuwa shangazi, dada wa papa. Kila akiona papa hali, anasema tunamuua kaka yake kwa njaa. Siku ya nne alimshika kichwa akamlisha uji kwa kijiko, kwa upendo mtupu, ukaingia njia ya hewa. Papa alikohoa usiku kucha mpaka midomo ikabadilika rangi. Serumu nayo ilikuwa bado inadondoka. Miguu ikavimba kama ya mtu mwingine, kifua kikaanza kutokota kama chungu cha maharage. Yule muuguzi alitukalisha, akatueleza kwamba mwili wake haukuwa na uwezo tena wa kutumia yale maji, kwa hiyo yalikuwa yanaenda kukaa kwenye miguu na mapafu. (Mgonjwa aliyekaukiwa kwa kuhara ni habari nyingine, huyo maji ndiyo dawa yake. Kwa hiyo muulizeni aliyemtibu, msichomoe sindano kwa kunisikiliza mimi.) Siku ya sita serumu ikatolewa. Shangazi alilia uani kama kwenye kilio.

Kilichomtuliza si maelezo. Mama alimpa bakuli, kitambaa safi cha pamba na munkoyo kidogo, kile kinywaji cha mahindi, akamwambia: "Wifi, midomo ya kaka yako ni kazi yako." Mdomo wa mtu anayepumua kwa kinywa unakauka mpaka unapasuka, kwa hiyo kuulowesha ni kazi ya kweli, kila nusu saa. Shangazi akawa anachovya, anapaka, anachovya, anapaka. Papa akionja ule munkoyo, ulimi wake ulitoka kuutafuta. Shangazi hakuzungumzia uji tena. Nadhani siku zote alichokuwa anadai ni kupewa kazi, na sisi tulikuwa tunambishia kuhusu chakula.

Maumivu msiyavumilie kwa niaba yake. Rudini kwa daktari mwombe dawa ya kutosha, mpewe na saa zake, na mzifuate hata kama amelala kimya. Sisi mwanzoni tulingoja mpaka alie ndipo tumpe, na dawa inayoanza baada ya kilio inachelewa kufika. Tulikuwa na morfini ya maji, tukidondosha ndani ya shavu kiasi kile alichoandika daktari. Kuna mtu wa kanisani aliyesema itamfanya mlevi wa dawa. Mtu mwenye siku tano!

Kuanzia siku ya saba papa alirudi kazini. Usiku wa manane anakaa nusu, anatafuta buti zake chini ya kitanda: "Sirene ilisha kulia?" Mimi, kwa ujinga wangu, nilimweleza kwamba aliacha kazi tangu 2003. Aliniangalia kama vile nimemfukuza mimi, na machozi yakamtoka. Alipouliza tena mama alikuwa karibu. Akamwambia bila hata kufungua macho vizuri: "Leo siku ya mungu, muzee, hakuna kazi. Lala." Akalala. Tukakubaliana wote, pamoja na watoto, kwamba nyumbani kwetu kila siku ni siku ya mungu, yaani Jumapili.

Na simu. Tafadhali, simu! Siku ya tisa mpwa wetu mmoja alichungulia mlangoni, akamwona kambo amefungua mdomo, kimya, akaenda akaweka picha yake WhatsApp na mshumaa: "Pumzika kwa amani Kambo." Dada yetu mdogo aliyeko Likasi aliiona. Alipiga simu, hatukushika, ilikuwa kwenye chaji kwa jirani kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Alipanda gari la kwanza, kilomita 120 analia, akaingia getini kwa ile sauti ya msiba, amejifunga kikwembe kiunoni, na wanawake wa uani wakampokea kwa mayowe bila kujua wanalilia nini. Papa akafungua macho. Akauliza, wazi kabisa, "Nani alikufa?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Dada alianguka magotini pale kitandani, kilio kikageuka kicheko na kicheko kikageuka kilio. Papa akamwekea mkono kichwani, akasema amekonda. Ndiyo maneno ya mwisho tuliyoyaelewa. Mpwa tulimnyang'anya simu, lakini moyoni namshukuru, kwa sababu dada alikuwa amepanga kuja Jumamosi na papa hakuifikia Jumamosi.

Mengine nitayapita haraka. Atakuja mtu atakayenong'ona kwamba kuna anayemroga. Kwetu kidole kilielekezwa kwa mke wa marehemu baba mkubwa, mjane asiye na mtetezi, na pasta mmoja akajitolea kukesha akifukuza pepo kwa kipaza sauti. Baba mdogo alimsindikiza hadi getini kwa heshima zote. Padri alipokuja alimpa mpako wa wagonjwa kwa sauti ya chini, dakika kumi, akaenda. Tena, karatasi za parseli (kiwanja) akae nazo mama, mapema, kabla hesabu za urithi hazijaanza uani. Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 inawapa watoto robo tatu ya mirathi na mjane ana haki yake kwenye nyumba, ila haki bila karatasi mkononi ni safari ndefu.

Ishara za mwisho, ili zisiwatishe: vidole na magoti yanapoa na kuwa na mabaka ya zambarau. Pumzi inakwenda mbio, inapungua, inasimama kabisa, unahesabu mpaka ishirini, kisha inarudi. Koo linakoroma, na hapo mlazeni ubavu, msimpe kitu cha kunywa. Endeleeni kuongea naye, huenda anawasikia. Usiku wa kumi na moja ilikuwa zamu yangu na yule kijana mwoshaji. Nilihesabu mpaka ishirini, mpaka arobaini, mpaka nikapoteza hesabu. Tulimwamsha mama. Alituomba tusilie bado. Alimfumba macho, akamfunga taya kwa kitambaa, akanyoosha mikono na miguu kabla haijakakamaa, akamfuta uso taratibu kama mtu anayepangusa sahani anayoipenda, ndipo akatuambia tuwapigie wa mbali kwanza. Alipomaliza, akatoka barazani na kupiga ukelele mmoja, na mtaa mzima ukajua.

Kuhusu kaka yenu wa Kolwezi: asingoje mshahara. Kutoka kule ni kama kilomita 300. Mchangieni nauli leo usiku, apande basi la asubuhi.