Nembo ya grili ya Hilux: rangi au stika?

Ndugu uliyeuliza iwapo nembo inayong'aa ya grili ya Hilux yako ipakwe rangi nyeusi au ibandikwe stika, chungulia kwanza kilicho nyuma yake. Baadhi ya magari mapya ya Toyota yana rada nyuma ya nembo ya mbele, nayo ndiyo hupima umbali wa gari lililotangulia na kusaidia kufunga breki kwa dharura. Rangi, hasa yenye chembechembe za metali, na hata stika, huweza kuyavuruga mawimbi yake, na kitabu cha gari hukataza kuvitumia hapo. Ukiikuta rada, iache nembo ilivyo na upambe grili inayoizunguka.

Isipokuwapo, mimi ningepaka rangi, na stika ningeiweka kwenye sehemu bapa tu, kwa kuwa stika iliyovutwa juu ya mikunjo hutaka kurudi ilivyokuwa pindi ikipata jua la mchana la Tabora.

Nembo nyingi ni plastiki ya ABS iliyofunikwa kwa kromi, na kromi ni laini mno kiasi kwamba rangi haipati pa kushika. Rangi ya kopo ikipulizwa juu yake bila maandalizi hupendeza kwa muda mfupi, kisha kokoto za barabara za vumbi za Urambo na Kaliua huibandua vipande vipande. Kwa hiyo ivue nembo kwenye gari: iliyonatishwa kwa gundi huachia ukiipasha joto kidogo na kupitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake, na yenye vibanio hutolewa kwa upande wa nyuma wa grili. Isugue kwa msasa wa maji namba 400, kisha 600, hadi mng'ao wote ufifie, pamoja na zile pembe za ndani ambazo mafundi wengi huziruka, kwa sababu palipobaki mng'ao ndipo rangi itakapoanzia kubanduka. Ioshe kwa sabuni, ikauke, uifute kwa spiriti na usiiguse tena kwa vidole. Thina kali usiikaribishe, kwani huyeyusha ABS.

Baada ya hapo puliza praima ya plastiki, yaani rangi ya chini inayoisaidia rangi kushika kwenye plastiki, kisha rangi yenyewe, ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, kwa matabaka membamba, kila moja likianza kukauka kabla ya lingine. Kati ya Mei na Oktoba vumbi letu haliishi, hivyo fanya kazi asubuhi kabla ya upepo, kwenye chumba chenye dirisha wazi na sakafu iliyonyunyiziwa maji, wala si chini ya mwembe, ingawa gereji zetu nyingi ziko huko.

Stika isubiri siku kadhaa hadi rangi ikauke kabisa, la sivyo mvuke wa rangi utatengeneza mapovu chini yake. Nyunyiza maji yenye sabuni kidogo ili uweze kuisogeza, halafu sukuma maji kutoka katikati kwenda kingoni kwa kadi ngumu. Anayefikiria kuliuza gari karibuni atumie rangi ya mpira inayobanduliwa kwa mkono. Haidumu sana, ila kromi hubaki salama.

Ukipeleka gari kuoshwa, mwambie kijana asiulekeze mpira wa presha kwenye kingo za stika kwa karibu.